Huyu Asiachiwe Mtoto

Nilipopewa fulana na begi la mhudumu wa afya wa mtaa, kichwa kilinivimba. Malaria niliijua, mambo ya kunyonyesha niliyajua. Magonjwa ya akili tulifundishwa alasiri moja tu, tena nikiwa nasinzia. Moyoni nilibaki na yale niliyokulia nayo: mwenye kichaa hasogelewi.

Katika nyumba moja hapa Ngamiani, mama aliyejifungua wiki tatu nyuma aliacha kulala, akawa anazungumza na ukuta. Mama mkwe wake akaniita. Nilisimama mlangoni, sikuingia. Nikaagiza apelekwe kituo cha afya, na hilo lilikuwa sawa. Kisha nikaongeza la kwangu: "Huyu asiachiwe mtoto." Hakuna aliyeniuliza. Niliogopa, nikataka woga wangu uonekane utaalamu.

Alipewa dawa, akapona. Nilisikia, nikafurahi, hata nikajipongeza. Lakini kurudi kumtazama sikurudi. Kila nikikaribia pale nilijikumbusha kazi ya kwingine.

Mwaka huu ndipo nikapita kukagua kadi za watoto, mtoto yule keshatimiza miaka miwili. Mama yake alikuwa jikoni akikoroga uji. Akaumimina kwenye kikombe, akaupoza, akampa wifi yake, na wifi ndiye akamnywesha mtoto. Nikauliza, mbona hivi?

"Sie twafuata lako, mwanangu," mama mkwe akanijibu kwa upole. "Hata kulala, mtoto alala kwangu."

Yule mama akafuta mikono kwenye kanga. "Dada, ulisema nisiachiwe mtoto. Hukusema mpaka lini. Nimekuwa nakungoja uje useme."

Miaka miwili, nami naishi barabara ya pili tu kutoka pale! Nikasema tu kwamba nilikosea, kwamba tangu apone hakuna kilichomzuia kumlea mwanawe ila mdomo wangu.

Hakungoja nimalize. Alichuchumaa, akamnyooshea mtoto mikono. Mtoto akamtazama, akaangua kilio, "Mama! Mama!" akakimbilia mapajani kwa bibi yake.

Yule mama akaishusha mikono taratibu. Akanigeukia, akasema, "Ahsante, dada."

Heri angenitukana.