Kola ya Dereva

Jirani yangu mpiga picha hakumpiga mtu picha kabla ya kumnyoosha kola. Alikuwa akikuketisha mbele ya pazia, anaingia chini ya kitambaa cheusi cha kamera, halafu anatoka tena kuja kukunyoosha kola kwa vidole viwili vyenye harufu ya dawa ya kusafishia picha. "Pumua kwanza," anakuambia, polepole, kama daktari. Hapa Nyeri, miaka ile ya sabini, nusu ya watu walibeba vipande, yaani vitambulisho, vyenye picha zao na pumzi hiyo usoni. Kwenye kona ya studio aliweka meza yenye treni ya kujitengenezea: mabehewa ya makopo ya mafuta ya kupikia, reli za spoku za baiskeli, moshi wa pamba, na Mlima Kenya wa gunia lililopakwa chokaa. Kila Jumapili baada ya kanisa aliipiga picha, magoti yake sakafuni.

Siku moja Murugi, mjane kutoka mji wa Chaka, alimletea picha ndogo ya kipande, ndiyo pekee ya marehemu mumewe. "Mzee yangu aliendesha treni ya Nanyuki miaka ishirini," alisema, "na sina picha yake hata moja akiwa kwa treni." Jirani yangu hakuitia wembe picha ile. Alitoa nakala yake, akaikata nakala, akamsimamisha dereva kwenye dirisha la injini ya treni ile ya mezani. Akapiga magoti, akachungulia kwenye kamera, kisha akainuka na kwenda kuinyoosha kola ya karatasi kwa ncha ya kidole.

"Pumua kwanza, mzee," akasema.

Aliyepumua ni Murugi.