Mkataba Niliomsomea Dada

Mkataba ule niliusoma mimi. Dada yangu aliishia darasa la nne, nami nilikuwa mwalimu mjini Njombe, kwa hiyo alipopewa makaratasi alipanda basi akaniletea.

Aliishi Lyamkena, Makambako, akifuma sweta kwa mkono. Watu walizitambua kwa mistari ya kifuani, ambayo aliibuni mwenyewe, kila sweta na yake. Ilikuwa miaka ile biashara huria imeanza, na watu wawili walikuwa wamemfuata.

Mmoja alitoka kampuni ya Dar es Salaam. Wangempa mashine za kufumia, mwalimu, na bango lenye jina lao. Naye angefuma mitindo yao tu, kwa nyuzi zao, kwa bei yao. Wa pili alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mwenye duka pale Makambako. Yeye aliuza mashine pamoja na kibali cha kutumia mitindo ya kiwanda kilichoitengeneza, basi.

"Ukishaichukua ni yako, binti yangu," alimwambia dada. "Fuma unachotaka, weka jina lako. Ila ikikushinda, sina mwalimu wa kukuletea."

Dada alivutwa na maneno ya mzee. Mimi niliogopa. Nilimwona akilini yuko peke yake na mashine iliyoharibika, hajui pa kwenda.

"Na mistari yangu?" aliniuliza.

Katika mkataba wa kampuni nilikuwa nimekiona kifungu: asifume mtindo mwingine wowote, hata nyumbani kwake. Sikumsomea. Nilimwambia, "Utaizoea mitindo yao. Kampuni kubwa haiwezi kukuacha njiani."

Akatia saini.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha mkaguzi wa kampuni akaja, akaikuta sweta moja yenye mistari, akamwonyesha kile kifungu kwa kidole. Kuanzia hapo dada aliwarudisha mikono mitupu wateja wake wa zamani. Mama mmoja kutoka Makete alikuwa amefiwa na mumewe, aliyezikwa na sweta aliyofuma dada. Alitaka nyingine kama ile, aivae yeye. Dada alimkatalia, na yule mama akaondoka.

Jumamosi iliyofuata dada alikuja Njombe. Hakukaa.

"Lile neno la mistari uliliona?"

"Nililiona, dada."

Alinitazama kidogo, akageuka kurudi stendi. Nilimfuata hadi barabarani nikimwita, hakugeuka.

Haikupita miaka mingi mitumba ikajaa kila soko, sweta nzito za Ulaya kwa bei ya kutupa. Kampuni ikafunga matawi yake. Lori likaja Lyamkena likabeba mashine, likang'oa na bango. Dada alikwenda kwa yule mzee, akakuta duka limefungwa. Mzee alikuwa amehamia kwa wanawe. Basi dada akaenda Lupembe kuchuma chai, na sindano za kufumia hakuzishika tena.

Nilimfuata huko nikamwomba msamaha shambani, amebeba tenga mgongoni. "Ulinitakia mema," alisema, mikono yake ikiendelea kuchuma. "Ila ungenisomea lote, mdogo wangu. Ningechagua mwenyewe."

Nilipopata mtoto wa kwanza, alikuja kutuona na sweta ndogo ya mtumba, kaifua na kuipiga pasi.

"Ni nzito," alisema. "Itamfaa kwa baridi hii."

Nilimvalisha mtoto mbele yake. Akamfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, kisha akaomba maji ya kunywa.