Turubai la Mama

Aibu hii nimekaa nayo tangu mavuno, na ninaisimulia sasa kwa sababu watu kazini wameshaanza kuisimulia wenyewe, kila mtu akiongeza chumvi yake.

Mimi ni afisa wa wafanyakazi katika kampuni ya mbegu iliyoko Kitale. Tulipoanza kufanyia kazi nyumbani, sheria niliziandika mimi: kamera iwe wazi kikao chote, mtu aketi chumba kitulivu, na shughuli za nyumbani zisiguswe saa za kazi. Onyo la tatu, unaenda nyumbani (kwamba wote walikuwa nyumbani tayari, hilo sikulifikiria).

Wafula, karani wetu wa Moi's Bridge, alikuwa na maonyo mawili, na sasa alikuwa ametoweka kazini dakika ishirini akianua mahindi yasinyeshewe. Kikao cha kuamua kama atafutwa kikawekwa Jumanne saa nane mchana, mimi mwenyekiti, mkurugenzi akitazama kutoka Kitale.

Wote walijua niko kwangu Bungoma mjini. Ukweli ni kwamba nilikuwa kwa Mama, Matulo, nilienda Jumamosi nikanogewa, na mtandao kule unashika ghalani tu, kati ya magunia na kuku anayeatamia. Nikaliona turubai jipya la Mama, la samawati, nikalitundika nyuma yangu kwa vibanio vya nguo. Kwenye kamera likawa ukuta uliopakwa rangi juzi. Nilijipongeza, bana.

"Madam, mvua haikunipigia simu kwanza," Wafula alisema, macho chini. "Na hayo mahindi ndiyo chakula yetu ya mwaka."

"Mahindi si udhuru," nikamjibu kwa ile sauti yangu ya ofisini. "Sisi sote tuna mahindi. Mbona tumeketi?"

Bado sijafunga mdomo, mabati yakalia, tone moja, matatu, halafu mengi yasiyohesabika, na mlango ukasukumwa na Mama akaingia na gambuti zake.

"We Nasimiyu, ati umekaa na mahindi inanyeshewa? Turubai nimetafuta mpaka kwa jirani." Akainua macho. "Si hii hapa. Nani ametundika turubai kama pazia?"

Akalivuta kwa mikono miwili, vibanio vikaruka, kuku akatua juu ya meza yangu, na mkurugenzi akaona ghala lote, magunia, majembe na baiskeli isiyo na gurudumu. Mama akainamia skrini.

"Hamjambo nyinyi. Mtanisamehe, huyu nitamrudisha."

Nilitamani mtandao upotee, na siku hiyo ulishika kuliko siku zote. Ni Wafula aliyesema, taratibu, bila kejeli yoyote:

"Madam, enda umsaidie mama. Anza upande ule maji inateremkia. Sisi tutangoja."

Nikaenda. Niliporudi, nimelowa, maganda kwenye nywele, nilikuwa nimetoweka dakika ishirini na tano. Walikuwa wamengoja wote.

"Mwenyekiti," mkurugenzi akauliza, "tuendelee?"

Onyo la tatu la Wafula nililifuta hapo hapo. Jioni niliandika langu, nikatia sahihi mara mbili, kama mtoaji na kama mpokeaji, nikaapa sitaandika tena sheria nisiyoweza kuishi nayo siku ya mvua.

Mama bado huuliza kama mahindi ya yule kijana yalikauka. Mimi huzungumza na Wafula kila Jumatatu, na mpaka leo sijapata uso wa kumuuliza.