Kiraka Kwenye Ubavu wa Bafalo

Phelix Owiti hakuwa mtu wa kutulia. Kanisani alikaa benchi la mwisho ili aweze kutoka bila kukanyaga watu, na nyumbani alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi, macho nje, utadhani kuna mtu amemwita. Katika kiwanda cha chai karibu na Roret, alikokuwa fundi wa mashine, walikwisha kumzoea. Rola ya kusokota majani ikikwama saa ya mapumziko, wenzake humaliza vikombe vyao kwanza. Yeye huwa ameshalala chini yake na spana.

Mwaka wa 1995 kutotulia huko kulipata kazi ya kufanya. Owiti alianza kuunda ndege.

Usidhani ni zile ndege za watoto za mabua ya mahindi. Hii ilikuwa Bafalo, ndege ya jeshi ya kubeba mizigo, injini mbili, mkia mrefu uliosimama, na mlango wa nyuma unaoshuka hadi chini. Mwili aliuchonga kwa mti wa saipresi, urefu wa mkono wa mtu mzima. Ngozi yake ilikuwa ile karatasi ya alumini inayotandikwa ndani ya masanduku ya chai. Vioo vya rubani vilikuwa filamu ya eksirei iliyooshwa kwa dawa ya Jik hadi ukaona ng'ambo, magurudumu yalikatwa kwenye soli ya slipa, na panga za injini zilitoka kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo. Ndani ya chumba cha magurudumu alipitisha mabomba ya nyaya za simu, ya bluu mahali pa bluu na ya njano mahali pa njano. Ili uyaone ilibidi uigeuze ndege chali na kuchungulia kwa jicho moja. Nani angechungulia? Yeye.

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vinavyoruka vimeundwa zaidi, na Owiti alikuwa mmoja wa waliovitunza. Miaka sita, tangu 1976, alikuwa fundi katika jeshi la anga, kambi ya Eastleigh. Kisha ukaja Agosti wa 1982, jaribio la mapinduzi likashindwa, na jeshi zima la anga likavunjwa. Owiti hakushika bunduki siku ile. Hilo halikumsaidia. Alikaa kizuizini miezi saba, akapigwa kichwani mara nyingi kuliko alizoweza kuhesabu, akatoka bila kazi na bila cheti. Huko kwao karibu na Ahero, mkewe Jerusa alikuwa amesikia kwamba askari wanapekua nyumba za wanajeshi. Akawasha moto nyuma ya jikoni na kuchoma kila kitu: sare, vyeti, picha, barua. Alikuwa na mtoto mgongoni na akili yake timamu, na mimi simlaumu. Owiti naye hakuwahi kumlaumu, angalau si kwa mdomo.

Lakini Januari ile Owiti aliamka akagundua kwamba jina la sajini wake limempotea. Mtu aliyemfundisha kazi! Alilitafuta siku nne, na alipolipata akawa ameshaona hatari yenyewe. Picha hana, karatasi hana, na sasa kichwa nacho kinavuja. Siku kichwa kikikauka, miaka ile sita itakuwa haikuwahi kuwepo. Ndiyo maana akaanza kuchonga, na ndiyo maana hakukubali kukisia hata kitu kimoja. Alichoweka kwenye ile ndege ni kile tu alichokumbuka kwa hakika.

Ribiti, vile vichwa vya pini vinavyoshikanisha bati la ndege, ndizo zilizokula muda. Kila moja aliibonyeza kutoka upande wa ndani wa karatasi kwa kalamu iliyoisha wino, ikaibuka nje kama kipele cha joto. Zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Zilizompendeza kupita zote zilikuwa chache, zile za kiraka kidogo ubavuni, kiraka alichokigonga kwa mikono yake mwenyewe kwenye Bafalo halisi. Kilikuwa kiraka cha kwanza alichoaminiwa kukifanya peke yake, na vidole vyake vilikirudisha kwenye alumini bila hata kumuuliza.

Jerusa hakutaka kuiona. Ikiwa mezani, yeye huifunika kwa leso ndipo aandae chakula.

"Baba Beverly, hiki kitu kitatuletea watu," alisema.

"Watu gani? Miaka kumi na mitatu imepita."

"Hao watu hawahesabu miaka."

Basi Owiti akaihamishia karakana ya kiwanda, na hapo ndipo balaa lilipomkuta. Msaidizi wake alikuwa Kipkurui, mwenyeji wa Kiptere, mchapakazi mwenye utani mwingi na moyo mweupe. Sasa, mtu aliyelelewa na kiwanda cha chai ana imani moja: kila kinachochomoza ni uchafu. Mahali penye kinundu au kishimo jani hunasa, jani likinasa huoza, likioza chai nzima huchacha na mkaguzi hukurudisha nyumbani. Kwa hiyo fundi mzuri wa chai husugua. Ijumaa moja Owiti alitumwa Kericho mjini kuchukua beringi. Kipkurui akaitazama ile ndege, akaona vipele mwili mzima, akaihurumia. Alichukua kijiko, akaisugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia pua hadi mkia, akamaliza kwa dawa ya kung'arisha ya Brasso. Aliporudi Owiti, ndege ilikuwa laini kama yai.

"Omera, cheki!" Kipkurui alisema, akimwita ndugu kwa Kijaluo, uso wote meno. "Ilikuwa na pimples kila mahali. Nimekutolea zote. Si sasa inakaa mpya?"

Owiti aliipitisha kidole. Hakuhisi kitu. Alitamani kumpiga Kipkurui, na alitamani kulia, na kwa kuwa hakuweza kufanya hata kimoja mbele ya watu, alisema tu, "Asante," akaibeba nyumbani kifuani.

Kipkurui hakuwa mjinga. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni na mursik, maziwa ya mgando, ndani ya kibuyu. "Mzee, wacha kunikasirikia. Mimi sikujua. Niambie penye zilikuwa, nitakusaidia kurudisha."

Hapo sasa! Penye zilikuwa. Owiti alibandua alumini yote akaanza upya. Mabawa yalirudi. Mkia ulirudi, pua ikarudi. Kiraka kikakataa. Mara ya kwanza alikuwa ameviachia vidole vikifanye bila kufikiri, na sasa alipovifikiria vikanyamaza. Kilikuwa ubavu wa kulia au wa kushoto? Aligonga ribiti tisa upande wa kushoto, akatazama, akabandua. Akagonga kumi na nne upande wa kulia. Akabandua. Wiki mbili alizunguka nyumba, akazunguka kiwanda, akazunguka na mashamba ya chai mpaka wachuma majani wakauliza kama amepoteza ng'ombe. Usingizi ulimkimbia, sahani alizirudisha nusu. Aliogopa, na alijua anachoogopa: kama kazi ya mikono yake mwenyewe imefutika, basi huenda na mengine yote ameyatunga.

Jumapili alasiri hakwenda mkutano wa kanisa. Jerusa alikuwa uani akichambua dagaa kwenye ungo, omena za kuuza soko la Roret. Akamwona mumewe akitoka nyumbani na ndege mkono mmoja na kibiriti mkono wa pili, akielekea kwenye shimo la takataka.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Kuichoma. Ni ya uongo."

"Uongo gani?"

"Kuna kiraka sikikumbuki. Nikiweka cha kubahatisha, hii itakuwa ndege ya mtu mwingine."

Jerusa aliweka ungo chini. Owiti akatoa njiti.

"Ubavu wa kulia," Jerusa akasema. "Nyuma ya mlango wa pembeni, chini ya dirisha la mwisho."

Owiti akageuka.

"Ribiti kumi na moja," Jerusa aliendelea, akitazama mikono yake yenye magamba ya samaki. "Ya mwisho ilikaa upande kidogo. Ulitaka kuing'oa, sajini akasema imeshika, iache. Ukaniandikia kwamba ndege ikipita juu ya Ahero nitoke nje, kwa sababu kuna mahali pamoja juu kule panashikwa na mkono wako. Nilikuwa natoka, baba. Zote nilizitokea, hata za Kisumu za abiria."

Njiti ilikuwa bado mkononi mwa Owiti, haijawashwa. Kumi na moja. Ya mwisho upande. Vidole vyake vilianza kuchezacheza vyenyewe, vikijua, na machozi yakamshuka hapo uani mchana kweupe bila haya.

"Barua ulizichoma," alisema.

"Nilizichoma. Lakini kwanza niliketi nikazisoma zote, moja moja, mara tatu tatu, nikizitia kichwani. Askari hawapekui kichwa." Alifuta mikono kwenye leso. "Nilikuwa nangoja uniulize. Hukuniuliza. Nikadhani umenichukia, nikanyamaza."

"Zilikuwa ngapi?"

"Arobaini na tatu."

Owiti akavuta kigoda. Aliketi, ndege magotini, miguu yake yote miwili chini.

"Anza na ya kwanza," akasema.

Jerusa akafumba macho. "Mpendwa Jerusa, pokea salamu nyingi kutoka hapa Eastleigh. Mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Leo, kwa mara ya kwanza, nimegusa ndege..."