Kichupa cha Rosemari

Juzi niliingia duka la mitishamba pale mjini Maua kutafuta dawa ya kikohozi. Mbele yangu alikuwa mwanamume wa makamo, amemshika mamake mkono.

"Kila asubuhi mama ananiuliza mimi ni nani," alimwambia muuzaji.

Muuzaji akafungua kichupa. "Hii ni rosemari. Inalinda seli za ubongo. Mtilie matone kumi kwa chai."

Mama akakichukua, akanusa, akafumba macho. Kisha akacheka kama msichana.

"Si hii ni ile niliyopanda kando ya ua! Nilikuwa nawachemshia mkiwa wadogo. Bado iko?"

Mwanawe akakigeuzageuza kichupa, akajifanya anasoma maandishi.

"Iko, mama. Imekua sana."

"Basi leo utanipeleka nikaione."

Mama alipogeukia mlango, yule bwana akalipa, akamnong'oneza muuzaji: "Niliing'oa yote nikapanda miraa ya kuuza."

Sikumcheka. Bustani ya marehemu mamangu niliifyeka hivyo hivyo. Lakini sikuwa nimewahi kuona mtu akinunua dawa ya kumbukumbu huku akiomba isifanye kazi.