Gari Lililokwama kwenye P

Gari lilikataa kutoka kwenye P, gia ya kuegesha, siku ya Ijumaa, na Jumatatu nilikuwa natakiwa kazini Karagita. Injini iliwaka vizuri tu, lakini mkono wa gia haukusogea. Niliuvuta mpaka bega likauma. Ni gari kuukuu la otomatiki, na likiwa kwenye P magurudumu yamefungwa, kwa hiyo hata kulisukuma ni kazi bure.

Kaka zangu walilinunua baba alipopata kiharusi. Mimi ndiye kitinda mimba na sina mume, basi ikaonekana wazi nani atarudi nyumbani Elburgon. Niliacha kazi kwenye shamba la maua, nikaacha chumba changu Karagita, nikaambiwa ni kwa muda. Gari lilikuwa la kumpeleka baba kliniki Nakuru. Muda wenyewe haukuisha. Kila nikisema nimechoka, kaka mkubwa hunijibu kwa simu kutoka Nairobi, "Lakini si uko na gari?" Nililichukia gari lile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Wiki hiyo msimamizi wangu wa zamani alinipigia. Kulikuwa na nafasi ya kuongoza chumba cha kupakia maua. Nifike mwenyewe Jumatatu, la sivyo apewe mwingine. Nilimwomba kaka mkubwa amchukue baba, ilikuwa zamu yake. Akakataa: baba ana gari, ana mimi, na isitoshe baba mwenyewe hataki kusikia habari za kuishi ghorofani Nairobi. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Baba alishasema atatoka kwenye shamba lake akiwa amebebwa maiti.

Gari lilipogoma ndipo kaka alipolegea. Bila gari, kliniki ingefikiwa vipi? Akasema kwa kuguna kwamba atakuja Jumapili aondoke na baba.

Jumamosi asubuhi nilimwita fundi wa mjini. Aliutikisa mkono wa gia mara mbili, akajifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka. "Siste, hii gearbox imeenda. Automatic ikifika hapo ni kutafuta ingine."

Ningenyamaza hapo, ningekuwa nimeshinda. Lakini baba akizidiwa kabla kaka hajafika je? Kutoka kwetu hadi lami ni matope matupu, na hakuna boda boda ya kumbeba mtu asiyeweza kujishika. Halafu mimi sipendi kuambiwa kitu kimekufa na mtu ambaye hata hajakifungua.

Niliketi ndani ya gari nikafikiri. Kama giaboksi imeharibika, gari lingekataa kwenda hata likiwa kwenye D, gia ya kwendea mbele. Hili halikufika huko. Kulikuwa na kitu kimeushika mkono wa gia, kana kwamba mtu ameweka kufuli. Nikakumbuka kwamba siku zote ukikanyaga breki husikika mlio mdogo chini ya ule mkono, tik, ndipo gia inakubali kutoka P. Nikakanyaga. Kimya. Nikakanyaga tena. Gari halikujua kwamba mguu wangu uko kwenye breki.

Kitu kingine kinachojua hilo ni taa za nyuma. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake barazani, na koti lake la kanisani ambalo siku hizi halivui. "Baba, nikikanyaga hapa, taa zinawaka?"

Alichungulia kwa muda. Tangu augue, maneno yake ni ya kuhesabu. "Hakuna," akasema.

Nilifungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Fyuzi ya taa za breki ilikuwa imeungua. Lakini fyuzi haiungui hivihivi, kwa hiyo niliondoa kapeti ya buti ya nyuma na kufuata waya. Pale karibu na taa ya kushoto, upande unaogusana na ghala la mahindi, panya walikuwa wamekula plastiki yote, shaba iko nje inagusa bati la gari. Nilicheka peke yangu kwa hasira. Giaboksi nzima ilikuwa imehukumiwa kifo kwa sababu ya panya.

Nilifunga waya kwa tepu, nikang'oa fyuzi ya redio iliyokuwa ya kiasi kilekile, nikaichomeka pale. Nilikanyaga breki. Tik. Gia iliteleza hadi D kama haijawahi kusumbua, na nikasogeza gari hadi karibu na lango. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Halafu nikazima injini, nikabaki nimeshika usukani, maana nilikuwa nimejifungia mlango kwa mikono yangu mwenyewe. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Simu iliita barazani. Baba aliipokea kwa mkono wake mzima, na kama kawaida yake tangu augue akaiweka spika, sauti ya kaka ikasikika uani kote.

"Baba, hiyo gari imetengenezeka? Maana kama iko sawa, wacha nisikuje kesho. Kazi imejaa huku."

Baba alilitazama gari pale langoni. Akanitazama mimi. Huyu ni mzee wa kanisa aliyetuchapa sote kwa uongo mdogo kuliko ule aliousema sasa.

"Bado," akasema. "Imekwama. Kuja."

Kaka aliguna, akasema sawa. Baba akaiweka simu mapajani.

"Rudisha pale," akaniambia.

Nililirudisha gari kinyumenyume hadi ubavuni mwa ghala, nikaweka P. Nilipofika barazani alikuwa amenyoosha kiganja. Ilinichukua muda kuelewa anataka nini. Nilirudi nikaing'oa ile fyuzi, nikamwekea mkononi, naye akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Nikizidiwa nitakupa," akasema. Kisha akageuka kulitazama shamba lake.