Mbwa wa Bibi na Nyasi za Krismasi

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu, na mahali nitakapokosea herufi mnisomee tu hivyo hivyo. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Neno moja naweza kulifuta mpaka karatasi ikatoboka. Lakini tangu wiki iliyopita situlii. Nilikwenda Nyakahanga kupeleka ndizi, nikapita kwenye nyumba ya kupanga tuliyokaa nilipokuwa mdogo, na mwenye nyumba akanikaribisha ndani. Nikasimama mlangoni. Miguu ilikataa. Mzee akacheka, maana alijua macho yangu yanatafuta nini pale sakafuni.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vingi vilivyozunguka ua wa saruji. Mimi na mama tulikuwa na chumba kimoja. Mama aliuza uji na maandazi kwa watu wanaouguza wagonjwa hospitali, kwa hiyo asubuhi zangu zote za utoto zinanukia mafuta ya moto na moshi wa mkaa. Kwenye ua ule hapakuwa na hata jani moja. Mwenye nyumba aliipenda saruji yake kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Aliifagia mwenyewe, halafu akasimama kuitazama.

Kisha bibi akaja kutoka kijijini kwake Kamuli. Alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona, na kilitakiwa kusafishwa hospitali mara kwa mara. Alifika na pikapu ya ndizi, yeye mbele kwa dereva, na nyuma, juu ya mikungu, amesimama Jimi.

Jimi alikuwa mbwa mzima, masharubu yameanza kuwa meupe. Hakuwa wa bibi tangu mwanzo. Jirani mfugaji alipohama na ng'ombe wake alimwacha nyuma, naye Jimi akakaa siku nzima akitazama njia, kisha akahamia kibanjani kwa bibi, shamba lake la nyumbani, chini ya migomba. Maisha yake yote hakuwahi kukanyaga saruji. Alipotua pale uani aliinua mguu mmoja mmoja kama mtu anayekanyaga majivu ya moto.

"Mama, mbwa tunamweka wapi?" mama aliuliza.

"Ninapokaa mimi," bibi akajibu.

Mwenye nyumba alikuja na ufagio mkononi. "Shikamoo, bibi. Huyu anajua choo?"

"Marahaba, waitu," bibi akasema, kwa neno letu la heshima. "Anajua cha kwao."

Watu wote uani walicheka isipokuwa mwenye nyumba. Na kweli Jimi alikuwa anajua cha kwao tu. Alizunguka ua akinusa, akarudi, akazunguka tena. Alijizuia mpaka macho yakamlegea. Mwishowe alichagua kitu pekee kilichokuwa laini pale, yaani lile zulia dogo la kufutia miguu mlangoni kwa mwenye nyumba.

"Akirudia kwenye sakafu yangu, anaondoka," mwenye nyumba alisema.

"Akiondoka, namfuata," bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Hapo mama aliacha kukanda unga. Sote tulijua bibi hatanii. Na Kamuli hakukuwa na mtu wa kumsafisha kidonda. Nesi mmoja aliyepanga chumba cha pili alikuwa amemwambia mama waziwazi kwamba mguu ule ukiachwa, unaweza kukatwa.

Basi mbwa akawa kazi yangu. Mama alikuwa na uji wake, bibi alikuwa na mguu wake, na mimi nilikuwa mtoto asiyesema. Niliona aibu hata kumwamkia mtu, nikawa naamkia kwa midomo bila sauti. Na mbwa hahitaji maneno. Nilimtoa alipoamka, nilimtoa alipokula, nilimtoa nilipotoka shule kabla hata sijaweka mfuko chini. Darasani nilikaa upande mmoja wa kiti, nikifikiria mkia wa Jimi. Mwalimu alinipiga chaki kichwani, akasema, "Wewe, akili yako inachunga nini?" Watoto wakacheka. Sikujibu, ingawa jibu nilikuwa nalo.

Mama alijaribu kumchapa. Jimi akaingia chini ya kitanda na kukojoa huko huko kwa woga. Nesi akasema, "Ukimpiga atajifunza kukuogopa, choo hatajifunza." Tukaacha fimbo.

Siku moja geti lilikuwa wazi, Jimi akachomoka. Nilimkimbilia huku napiga kelele moyoni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanja cha jirani, migomba na mibuni, na chini yake nyasi kavu zimetandazwa nene, kama tunavyofanya kwetu ili udongo usikauke. Jimi alifika pale, akazunguka mara mbili, akamaliza shida zake zote, akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Nikaelewa. Kwake yeye, mahali ambapo watu wametandaza nyasi ndipo chooni.

Nilimwambia bibi sikioni. Bibi akasema, "Nenda kwa jirani ukaombe nyasi." Nikatikisa kichwa. "Mdomo wako unauwekea nani?" akaniuliza. Mwishowe alikwenda mwenyewe, akichechemea, akarudi na gunia la nyasi na maneno mengi ya mwenye kibanja. Tulizitandaza nyuma ya vyoo, kwenye kona isiyo na saruji. Nikawa nampeleka Jimi pale, nasubiri, nampa kipande cha andazi. Jua likatoka na mvua ikanyesha, sisi tupo pale. Wapangaji walipita na ndoo zao wakisema, "Mwalimu, darasa linaendeleaje?"

Liliendelea vizuri. Ilifika wakati Jimi alikwaruza mlango mwenyewe, akaenda kwenye kona yake, akarudi ananitazama mfukoni. Mwenye nyumba aliacha kumfuata na ufagio. Kidonda cha bibi kilianza kufunga pembeni. Mama alianza tena kuimba akichoma maandazi.

Kisha Krismasi ikafika.

Mnakumbuka zamani ilivyokuwa. Siku moja kabla, watu wanapanda mlimani kukata nyasi laini, wanazitandika sebuleni, na nyumba nzima inanukia kama asubuhi ya malishoni. Mwenye nyumba, pamoja na mapenzi yake yote kwa saruji, alikuwa mtu wa desturi. Alitandika nyasi ukuta hadi ukuta, akawaita wapangaji wote. Kulikuwa na ndizi na nyama, senene waliokaangwa, juisi ya ndizi kwenye jagi kubwa. Bibi alipewa kiti kizuri, na Jimi akaingia nyuma ya kiti cha bibi, kama kawaida yake.

Mimi nilikuwa nimeshika sahani. Nilimwona ananusa. Nikaona masikio yamemsimama, kama mtu aliyekutana na ndugu yake mjini. Akazunguka mara moja. Nilitaka kupiga kelele, mdomo ukafunguka, sauti haikuja. Akazunguka mara ya pili.

Sitaeleza zaidi, pengine mnakula. Alipomaliza alikuja moja kwa moja kwangu, mkia juu, akanusa mfuko wangu, anadai andazi.

Hakuna aliyecheka. Mwenye nyumba alisema polepole, "Kesho nisimkute."

"Hutatukuta," bibi akasema, akaomba fimbo yake.

Asubuhi yake bibi alikuwa anafunga kitenge chake na vyombo vyake. Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono imelala mapajani. Mikono ya mama kukaa bure sikuwa nimewahi kuiona. Nilichukua mundu nikatoka. Nilipanda mlima, nikakata nyasi mpaka vidole vikaniwaka moto, nikafunga mzigo na kujitwika. Nilipofika mlangoni kwa mwenye nyumba nikautua.

"Shikamoo," nikasema. Safari hii ilisikika.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Jimi hajakosea." Sauti ilikuwa imeshatoka, sikuweza tena kuirudisha. "Mimi nilimfundisha kwamba nyasi zikitandazwa ndipo chooni. Jana alifanya nilivyomfundisha. Hata alikuja kudai andazi lake. Saruji yako ya uani hajaichafua tangu ulipomkataza. Kaitazame."

Halafu ndani ya nyumba mke wake akaangua kicheko. "Baba, kumbe huyu mtoto anaongea! Mimi nilijua ni bubu! Na mbwa alidai mshahara wake, masikini!"

Mwenye nyumba aliutazama ua wake. Aliutazama wote, kona hadi kona, na ulikuwa safi. Mdomo wake ukacheza kidogo. "Leta hizo nyasi," akasema. "Mbwa abaki. Lakini siku nyumba yangu ina nyasi, mbwa yuko nje na kamba, na anayeshika kamba ni wewe."

Nilirudi mbio kumwambia bibi afungue mzigo.

Ndiyo maana sikukuu zote za utoto wangu baada ya hapo nilizila nje, nimekaa kwenye ngazi, kamba mkononi. Msinionee huruma. Bibi alikuwa akibeba sahani yake anakuja kukaa nami, mguu wake uliopona ameunyoosha juani, na Jimi katikati yetu. Ndani walikuwa wanaimba. Sisi tulitafuna senene, na harufu ya nyasi ilitufikia mlangoni.

Bibi alipumzika Kamuli, kando ya kibanja chake. Jimi alimtangulia. Mimi mpaka leo nikimwona mbwa yeyote anazunguka, nasimama, hata kama ni mbwa wa watu.

Na wiki ile nilipokwama mlangoni, mwenye nyumba alinionyesha sakafu. Vigae vyeupe, vinateleza, vinang'aa kila upande. Watoto wake hawataki tena takataka ndani, alisema, na hata Krismasi hatandiki kitu. "Pita tu," akaniambia. "Siku hizi hata Jimi angeingia."

Niliingia, nikanywa chai. Lakini sikujua mkono wangu niuweke wapi bila ile kamba.

Kama kwenu bado mnatandika nyasi, niandikieni mniambie nani anakwenda kuzikata, na mbwa mnamwacha wapi. Andikeni pole pole kama mimi. Nitasoma.